Mafunzo ya usalama kwenye kompyuta kwa wanaotunza wazee Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya ndugu zetu waliotoka Kivu, Bujumbura, Kigoma au Mombasa, na waliokulia kambi za Nyarugusu na Kakuma, ambao leo wanaogesha, wanalisha na kugeuza wazee kwenye nasingi homu za Marekani. Maswali ni yale ya chumba cha mapumziko, ambayo mara nyingi huulizwa kwa kunong'ona kana kwamba kuuliza ni kosa. Sheria zinazotajwa ni za serikali kuu. Majimbo kadhaa yameongeza za kwao juu ya hizo.

Nimeajiriwa kubadilisha pampasi na kulisha wazee. Kompyuta inahusu nini?

Mwajiri analazimika kukufundisha usalama, na kompyuta ndiyo njia rahisi kwake. Sheria ya usalama kazini ya mwaka 1970, iliyounda shirika la OSHA, inamtaka akukinge na hatari za kazi, na kanuni kadhaa za shirika hilo zinataka mafunzo. Juu ya hapo, nasingi homu zinazopokea fedha za Medicare na Medicaid (bima za afya za serikali) lazima zihakikishe kila CNA, yaani msaidizi wa uuguzi mwenye cheti, anapata angalau saa 12 za mafunzo kwa mwaka. Zamani mkufunzi alikusanya watu ukumbini. Siku hizi kampuni inanunua masomo yaliyorekodiwa, unaingia kwa paswadi yako, unasikiliza, unajibu maswali, na mfumo unaandika kwamba umemaliza. Mkaguzi akija, karatasi ziko tayari.

Hapo ndipo penye mtego. Mfumo unajua umebofya, haujui kama umeelewa.

Sikufika darasa la tano. Nitaweza kweli?

Utaweza. Mtu aliyefanya kazi hii miezi michache anayajua mengi ya yale yanayoulizwa, kwa sababu ameyafanya kwa mikono yake. Wanaoshindwa, wengi wao hawakwami kwenye ujuzi. Wanakwama kwenye kipanya, kwenye Kiingereza cha vitabuni, na kwenye namna maswali yanavyotungwa.

Hili la mwisho halisemwi vya kutosha. Chukua swali linalosema hivi kwa Kiingereza: haya yote ni sahihi isipokuwa lipi? Chini yake kuna majibu manne: nawa mikono, vaa glavu, rudishia kifuniko cha sindano iliyotumika, toa taarifa kwa nesi. Dada anasoma la kwanza, anaona ni kweli, anabofya. Kompyuta inamwambia amekosa, naye anaondoka akiamini kunawa mikono ni kosa au kwamba yeye hana akili. Tatizo ni swali lenyewe. Kabla ya kujibu chochote, tafuta kama kuna neno EXCEPT (isipokuwa) au NOT (si) kwenye swali, mara nyingi huandikwa kwa herufi kubwa. Ukiliona, unatafuta jibu baya katikati ya mazuri.

Sijawahi kushika kompyuta. Nianzie wapi?

Anza na kipanya, tena kabla ya siku ya somo. Kiweke mezani, kiganja kikae juu yake, kidole cha shahada kwenye kitufe cha kushoto. Kitufe hicho kimoja kinatosha kwa karibu kila kitu utakachoambiwa ufanye. Njia nzuri ya kuzoea ni kucheza karata kwenye kompyuta. Karata inakulazimu kubofya, kuburuta na kuachia, na ukikosea hakuna anayekuandika popote. Kama una simu ya kugusa, omba tableti badala ya kompyuta ya mezani, kwa sababu kidole chako kimeshazoea.

Mambo madogo yanayotisha watu bure: kitufe cha kuendelea kikiwa cha kijivu na hakibofyeki, mara nyingi kinasubiri sauti imalize kusoma. Kompyuta haijaharibika. Ukiitwa kwa mzee katikati ya somo, mifumo mingi hukumbuka ulipoishia, lakini funga ukurasa wako kwanza ili mwingine asije akaendelea kwa jina lako. Na sauti: omba hedifoni. Kompyuta nyingi za wafanyakazi zimewekwa karibu na meza ya manesi, ambako simu inalia na kengele za vyumbani zinalia, na huwezi kusikia somo la Kiingereza katikati ya fujo hiyo.

Mwanangu, macho yangu hayaoni maandishi madogo.

Mama, shikilia kitufe kilichoandikwa Ctrl, halafu bonyeza alama ya kujumlisha. Maandishi yatakua. Bonyeza tena yakue zaidi.

Ni lazima mafunzo yawe kwa Kiingereza?

Hapana. Watu wengi hawalijui hili, hata wasimamizi. Mwaka 2010 OSHA ilitoa tamko la sera linalosema mafunzo ya usalama lazima yatolewe kwa lugha na kwa kiwango cha msamiati anachoelewa mfanyakazi. Kama mwajiri ana kawaida ya kukupa maagizo ya kazi kwa lugha nyingine au kwa Kiingereza chepesi, basi na mafunzo ya usalama yaende hivyo hivyo. Tamko hilo linasema wazi pia kwamba kama mfanyakazi hajui kusoma, kumwambia asome makaratasi hakutoshi. Na kanuni inayohusu damu na majimaji ya mwili inataka yanayofundishwa yalingane na elimu, uwezo wa kusoma na lugha ya mfanyakazi.

Sasa, masomo yaliyorekodiwa kwa Kiswahili ni machache, na pengine kampuni yenu haina. Sheria haisemi ni lazima iwe video. Mkufunzi anaweza kukaa nanyi pamoja na mkalimani, mkasimamisha video kila baada ya kipande na kuzungumza. Omba hivyo. Sema kwa upole lakini waziwazi: "Ninaelewa kazi, ila Kiingereza cha somo hili kinanipita. Naomba mtu anieleze."

Naweza kupiga picha skrini na kutafsiri kwa simu?

Uliza kwanza. Nyumba nyingi zinakataza kamera kwenye maeneo ya kazi kwa ajili ya faragha ya wazee, na jina la mzee likionekana pembeni ya picha umeingia matatani. Kama umeruhusiwa, fanyia chumba cha mafunzo. Tafsiri ya mashine itakupa picha ya jumla tu. Kwenye majina ya vifaa na dawa usiitegemee.

Binti yangu yuko chuo. Anaweza kunifanyia?

Kukufundisha kipanya nyumbani, ndiyo, na kukueleza maneno magumu pia. Kubofya majibu kwa jina lako, hapana. Huo ni udanganyifu wa kumbukumbu za kazi, na unaweza kukupotezea ajira. Vilevile mwenzako wa zamu asikubofyee, hata kama msimamizi mwenyewe ndiye anayesema "fanyeni haraka, mkaguzi anakuja". Siku mzee atakapoanguka kutoka kwenye mashine ya kuinulia, wataufungua mfumo, na utaonyesha kwamba ulifundishwa, tarehe fulani, saa fulani, ukapata alama 100. Utajiteteaje?

Nisipoelewa katikati ya somo, nimwulize nani?

Lazima awepo mtu. Kwenye somo la vijidudu vya damu, kanuni inataka mfanyakazi apate nafasi ya kuuliza na kujibiwa na anayeendesha mafunzo, mtu mwenye ujuzi wa jambo hilo. OSHA imeeleza kwamba kompyuta peke yake haitoshi. Namba ya simu inakubalika kama kuna mtaalamu wa kukujibu wakati ule ule unapojifunza. Kutuma barua pepe na kujibiwa wiki ijayo hakukubaliki.

Kwa hiyo kabla ya kubofya kitufe cha kuanza, uliza: "Leo nikikwama, namwita nani?" Ukijibiwa "hakuna, endelea tu", andika tarehe na jina la aliyekujibu.

Nalipwa kwa muda huo?

Ndiyo, kama mafunzo ni ya lazima. Kwa sheria ya mishahara ya Marekani, muda wa mafunzo huachwa bila malipo pale tu yanapotimia mambo manne kwa pamoja: ni nje ya saa za kazi, ni kwa hiari yako, hayahusiani na kazi yako, na hufanyi kazi nyingine wakati huo. Somo ulilolazimishwa na mwajiri halina hiari. Ukilifanyia nyumbani usiku kwa amri yake, andika saa ulizotumia na uzidai. Na mafunzo ya vijidudu vya damu yanatakiwa yawe ndani ya saa za kazi, bila gharama yoyote kwako.

Somo la damu linataka nijue nini hasa?

Somo hili hurudi kila mwaka, nalo ndilo ningependa watu walishike kuliko yote. Kanuni yake ilitolewa mwaka 1991, nayo inahusu hasa homa ya ini aina ya B, aina ya C na virusi vya ukimwi. Msingi wake ni mmoja: damu ya kila mzee ichukuliwe kana kwamba ina vijidudu. Huangalii nani ni bibi mpole na nani anaonekana mgonjwa. Virusi vya homa ya ini B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, hivyo hata tone lililokauka kwenye reli ya kitanda si la kupuuzwa.

CNA hachomi sindano, lakini ndiye anayekutana nayo. Umekuja kubadilisha shuka, unazikusanya kwa kuzikumbatia kifuani, na ndani yake kuna sindano ya insulini iliyosahaulika. Ndiyo maana somo linasema shuka zikunjwe kwa kuviringishwa kuelekea ndani na zibebwe mbali na mwili. Ukiona sindano, usiirudishie kifuniko na usiiokote kwa vidole. Mwite nesi, au tumia kifaa cha kushikia uitumbukize kwenye sanduku gumu la sindano. Sanduku likijaa usiisukumize kwa mkono.

Ukichomwa, osha hapo hapo kwa sabuni na maji. Usikamue, usimwagie jiki. Kisha toa taarifa dakika hiyo hiyo, usisubiri zamu iishe. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinatakiwa zianze mapema iwezekanavyo, na zikipita saa 72 hazipewi tena. Wapo wanaoficha kwa kuogopa kuonekana wazembe. Kuchunguzwa na kutibiwa kwa tukio hilo ni gharama ya mwajiri.

Kuna na chanjo. Ukishapata mafunzo, mwajiri lazima akupe nafasi ya kuchanjwa homa ya ini B bure, ndani ya siku 10 za kazi tangu uanze kazi inayokukutanisha na damu. Ukikataa utasaini karatasi, lakini ukibadili nia baadaye bado ni haki yako, bado ni bure. Wengine walisaini karatasi ile wakidhani wanasaini kukubali. Usisaini usichokielewa.

Gel ya mikono inatosha?

Mara nyingi inatosha, lakini si kwa mzee anayeharishwa na kijidudu kinachoitwa C. diff. Mbegu za kijidudu hicho haziuawi na spiriti. Vaa glavu, na ukizivua nawa kwa sabuni na maji, angalau sekunde 20. Mikono ikiwa na uchafu unaoonekana, hapo pia ni sabuni na maji.

Video ya kuinua wazee nimeitazama. Sasa naweza kutumia mashine?

Bado. Hapa kompyuta imefika mwisho wake, na nashangaa ni nyumba ngapi zinajifanya hazijui. Video inakuonyesha kitambaa cha kubebea kikikaa vizuri chini ya mtu aliyetulia. Haikuonyeshi mama wa miaka tisini mwenye dimenshia (maradhi ya kupoteza kumbukumbu) anayeshika nguzo ya mashine kwa hofu na kujivuta upande mmoja.

Dai uonyeshwe kwa vitendo, kwenye mashine ile ile mnayoitumia, kisha wewe ufanye huku nesi au mkufunzi akitazama. Afadhali zaidi wakuweke wewe mwenyewe kwenye kitambaa, uinuliwe, uone unavyoning'inia. Kila mara kabla ya kuinua tazama kama kitambaa ni saizi yake na hakijachanika, kama vitanzi vya kulia na kushoto vimefungwa kwenye rangi zinazolingana, kama uzito wa mzee haujapita uliobandikwa kwenye mashine, na betri ina chaji. Mashine nyingi zinataka watu wawili. Mwenzako akisema "nakuja, wewe anza", usianze.

Kwa nini mashine? NIOSH, taasisi ya utafiti wa usalama kazini, inashauri kwamba mfanyakazi asiinue zaidi ya ratili 35 za mgonjwa kwa nguvu ya mwili wake, yaani kama kilo 16, tena katika hali nzuri. Mzee mwepesi kabisa ana uzito mara mbili au tatu ya huo. Sisi tuliobeba madumu ya maji tangu utoto tunajiona tuna migongo ya chuma, na somo linalosema "inua kwa miguu, siyo kwa mgongo" linatupa matumaini ya uongo. Dumu halijikunji wala halikushiki shingo.

RACE na PASS ni nini?

Ni herufi za kukumbuka wakati wa moto, na mkaguzi anaweza kukuuliza ukiwa koridoni. RACE: kwanza mtoe mtu aliye hatarini (Rescue), kisha vuta king'ora (Alarm), kisha funga milango ili moto na moshi visisambae (Confine), mwisho zima kama ni moto mdogo, au ondokeni (Extinguish au Evacuate). PASS ni ya mtungi wa kuzimia moto: ng'oa pini (Pull), elekeza mdomo kwenye shina la moto (Aim), bana mkono wake (Squeeze), peperusha kulia na kushoto (Sweep). Usikariri tu. Leo ukiingia zamu, tafuta kwa macho yako mtungi ulipo na king'ora kilipo.

Alama nyekundu kwenye chupa za dawa za usafi?

Ni pembe nne iliyosimama kwa ncha, mpaka mwekundu, picha nyeusi ndani. Kitu kinachomiminika na kula mkono maana yake kinaunguza ngozi na macho. Mwali wa moto maana yake kinawaka. Alama hizi ni za kimataifa, na zinamfaa hasa asiyesoma. Kila kemikali ina karatasi yake ya maelezo yenye sehemu 16, na una haki ya kuonyeshwa ukiwa kazini. Jiki usiichanganye kamwe na dawa yenye amonia wala ya kusafishia choo yenye asidi, kwa maana hutoa hewa ya sumu. Na usimimine dawa kwenye chupa ya maji ya kunywa, hata kwa dakika moja.

Nikifeli maswali ya mwisho?

Kwa kawaida unarudia. Lakini kabla ya kurudia, omba uone ulipokosea. Kurudia kwa kubahatisha mpaka kompyuta ikubali hakukusaidii, na mzee wako naye hakumsaidii.

Nataka kuwa CNA. Mtihani wa maandishi unaniogopesha.

Sheria ya serikali kuu inakupa uchaguzi: mtihani wa maandishi au wa mdomo. Ule wa mdomo unasomewa maswali, mara nyingi kwa hedifoni. Uombe wakati wa kujiandikisha, maana siku yenyewe utakuwa umechelewa. Mtihani wa vitendo uko pale pale kwa wote.

Mafunzo yenyewe ni saa 75 kwa uchache, na angalau 16 kati yake ni za vitendo chini ya usimamizi. Majimbo mengine yanataka zaidi: California 160, Maine 180. Kama tayari umeajiriwa na nasingi homu, au imekuahidi kazi, haitakiwi kukutoza ada ya mafunzo hayo. Ukikaa miezi 24 mfululizo bila kufanya kazi ya uuguzi ya kulipwa, utaanza upya.

Nikidai haya yote si watanifukuza?

Kukulipiza kisasi kwa sababu ya kudai usalama ni kosa. Ukifanyiwa hivyo unaweza kulalamika OSHA, lakini una siku 30 tu, usizilaze. Namba ni 1-800-321-6742. Ukipiga, sema lugha unayotaka usubiri mkalimani. Huhitaji kuwa raia ili ulalamike. Anza na msimamizi wako kwanza kama anasikilizika, na nenda na mwenzako. Watu wawili husikilizwa kuliko mmoja.

Mimi ni msimamizi, na nusu ya watu wangu hawasomi vizuri. Nifanyeje?

Usinunue somo la dakika 60. Tafuta au tengeneza vipande vya dakika chache, kila skrini na jambo moja, picha ya mahali penu na vifaa vyenu, sauti isome kila neno lililoandikwa. Weka swali baada ya kila vipande vichache, siyo 20 mwishoni, na mtu akikosa aelezwe papo hapo kwa nini. Yafute maswali ya "isipokuwa". Kisha, siku ile ile, wapeleke chumbani wakuonyeshe kwa mikono. Anayeonyesha vizuri amejua, hata kama alipata alama 60. Na kama alama ni 100 ila mkono unatetemeka kwenye vitanzi, mrudie taratibu, pembeni, bila watu.

Vyeti vyangu nitavipataje nikihama kazi?

Omba nakala. Kumbukumbu za mafunzo ya vijidudu vya damu lazima zitunzwe miaka mitatu, na una haki ya kuziona na kupewa nakala. Piga chapa au jitumie kwa barua pepe yako binafsi kabla hujaaga, kwa sababu paswadi ya kazini hufungwa siku unayoondoka.

Paswadi imekataa mara mbili. Nijaribu tena?

Angalia kwanza kama taa ya herufi kubwa inawaka kwenye kibodi. Ikiwa imezimwa na bado inakataa, acha. Mifumo mingi hujifunga ukikosea mara kadhaa, na kuifungua mpaka umpigie mtu wa kompyuta, ambaye usiku hayupo. Nenda kwa msimamizi akuwekee mpya.